Maji ya Chemchemi na Mji wa Unguja

Majumbe na walimu wafahamu ya kuwa kisima kilicho kati ya nyumba huweza kuwa adui. Katika miaka ya 1869 na 1870 kipindupindu kiliua maelfu ya watu Unguja. Nayo ni maradhi yaeneayo kwa maji yaliyoingiwa na uchafu wa mgonjwa.

Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, aliyaleta mjini maji ya chemchemi zilizo upande wa Bububu, kaskazini ya mji. Hata hamamu ya watu wote, pale Hamamni, ilijengwa siku zake.

Chemchemi iliyo mbali na vyoo ni bora, na bomba huyakinga maji njiani. Lakini tuangalie sana: bomba likitoboka penye uchafu, na nguvu ya maji ikapungua, uchafu hufyonzwa ndani, na mji mzima hunywa sumu moja.

Basi watakao kujenga chemchemi kijijini waanze juu yake: ng'ombe wazuiwe, na mtaro uchimbwe wa kuyaepusha maji ya mvua, ndipo ukuta wa mawe ujengwe. Wengi huanza na mawe, maana ndiyo yaonekanayo.