Cheti cha Jengo la Kijani kwa Mradi Mpya: Mwongozo kwa Wajenzi wa Handeni na Korogwe

Unamhusu nani

Mwongozo huu ni wa msimamizi wa mradi, msanifu majengo, mkadiriaji majenzi, mkandarasi, fundi mkuu na mjumbe wa kamati ya ujenzi anayeanza jengo jipya katika halmashauri za Handeni na Korogwe, Mji na Wilaya. Jengo laweza kuwa bweni, ofisi, nyumba ya wageni, kituo cha afya au nyumba za kupangisha. Unaeleza namna ya kupata cheti kinachothibitisha kwamba jengo linatumia nishati, maji na vifaa kwa uangalifu zaidi kuliko majengo ya kawaida ya aina yake.

Cheti hiki ni cha hiari. Anayekitafuta hukitafuta kwa sababu mbili: kupunguza bili kwa miaka yote ya matumizi ya jengo, na kuwa na ushahidi mbele ya mwenye fedha. Nchini Kenya, kampuni ya Acorn ilikusanya shilingi za Kenya bilioni 4.3 mwaka 2019 kwa hatifungani ya kijani ili kujenga mabweni ya wanafunzi yenye cheti cha EDGE, kinachoelezwa hapa chini. Mkoani Tanga kwenyewe, Mamlaka ya Maji ya Tanga ilitoa hatifungani ya kijani mwaka 2024 ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5. Fedha za namna hii zipo. Anayezitoa hutaka kuona uthibitisho wa mtu wa tatu, na neno la mwenye mradi peke yake halimtoshi.

1. Chagua cheti kinacholingana na mradi

Kwa miradi ya ukubwa wa Handeni na Korogwe, cheti kinachofikika kwa urahisi zaidi ni EDGE, kilichoanzishwa na Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC), taasisi ya Kundi la Benki ya Dunia. Programu yake ya kukokotoa hutumika bure kwenye intaneti. Sharti lake ni moja lenye sehemu tatu: jengo liokoe angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji, na asilimia 20 ya kaboni itokanayo na utengenezaji wa vifaa vya ujenzi, likilinganishwa na jengo la kawaida la aina hiyo.

Sehemu zote tatu lazima zifaulu. Asilimia 45 kwenye maji haifidii asilimia 18 kwenye nishati. Ngazi ya pili hudai uokoaji wa nishati ufikie asilimia 40.

Cheti cha LEED cha Marekani huhesabu pointi kuanzia 40, na 80 kwa daraja la juu kabisa. Kinahitaji nyaraka nyingi zaidi na hufaa pale mfadhili anapokitaja kwa jina kwenye mkataba. Kama hakukitaja, anza na EDGE.

2. Vibali vya kisheria hutangulia

Cheti cha kijani hakichukui nafasi ya kibali cha ujenzi cha halmashauri wala ya matakwa ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Muone ofisa mazingira wa halmashauri mapema akueleze kama mradi wako unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira na ya kiwango gani. Hakikisha kila mmoja amesajiliwa na bodi ya taaluma yake: msanifu na mkadiriaji AQRB, mhandisi ERB na mkandarasi CRB. Michoro utakayompa mkaguzi wa cheti iwe ileile iliyoidhinishwa na halmashauri. Seti mbili za michoro zinazotofautiana zitakurudisha nyuma.

3. Fanya maamuzi kabla ramani haijagongwa muhuri

Hapa ndipo asilimia nyingi hupatikana bila gharama kubwa. Baada ya msingi kuchimbwa, kila asilimia inayobaki hununuliwa kwa fedha.

Korogwe: anza na joto. Mji uko bondeni na joto lake ni kali. Programu ya EDGE huhesabu nishati ya kupooza jengo hata kama hukufunga kiyoyozi, kwa sababu jengo lenye joto huishia kufungiwa kiyoyozi. Chukua hatua hizi:

– Lielekeze jengo ili kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, na ukuta wa magharibi uwe na madirisha machache iwezekanavyo.
– Weka upenu wa kutosha. Korogwe iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, hivyo mwezi Juni jua la saa sita mchana hukaa upande wa kaskazini, takriban nyuzi 61 juu ya upeo wa macho. Dirisha la urefu wa mita 1.5 linahitaji upenu wa sentimita 85 ili likingwe. Upande wa kusini, kwa jua la Desemba, sentimita 50 zinatosha.
– Chagua bati la rangi nyeupe au ya maziwa badala ya jekundu au la kijani kilichokolea, na weka kizuia joto juu ya dari.
– Panga madirisha pande mbili zinazoelekeana ili upepo upite, kisha weka feni za dari na taa za LED.
– Fikiria sola mwishoni, jengo likishapunguziwa mahitaji. Sola juu ya jengo lililopangwa vibaya ni gharama mbili.

Handeni: anza na maji. Bomba kuu la Handeni (HTM) huchota maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma kwa pampu hadi Handeni. Kwa hiyo lita inayookolewa bombani huokoa pia umeme wa kuisukuma. Mto huohuo ndio unaozungusha mitambo ya umeme ya Hale, yenye megawati 21 tangu mwaka 1964, na ya New Pangani Falls, yenye megawati 68. Wilaya hizi mbili zinaishi kwa mto mmoja.

– Weka vyoo vyenye vitufe viwili, na mabomba na bafu za mtiririko mdogo. Andika kiwango cha lita kwa dakika kwenye mchanganuo wa kazi na vifaa (BOQ). Maneno “bomba zuri” hayapimiki.
– Vuna mvua. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita za mraba 300, kwa mvua ya milimita 800 kwa mwaka na upotevu wa asilimia 20, hutoa lita 192,000.
– Pima tangi kwa urefu wa kiangazi. Bweni la wanafunzi 80, kila mmoja akitumia lita 10 kwa siku kwa choo na kufua, linahitaji lita 80,000 kwa siku 100. Kiasi hicho hakiingii kwenye simtanki moja. Panga tangi la zege la chini ya ardhi na ulitengee fedha mapema.
– Unganisha tangi na mabomba ya vyoo. Maji yanayochotwa kwa ndoo uani ni vigumu kuyathibitisha kwa mkaguzi.

Vifaa, pande zote mbili. Saruji, nondo na matofali ya kuchoma ndivyo vyenye mzigo mkubwa wa kaboni. Matofali ya kufungamana ya udongo na saruji, yaliyohimizwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi (NHBRA), hayachomwi kwa kuni na hutumia udongo kidogo wa kuunganishia. Pima udongo wa eneo lako kabla ya kukodi mashine, kwani si kila udongo unafaa. Mbao zinunuliwe zikiwa na nyaraka za Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), ziwe za misaji ya shamba la Longuza au za kwingineko.

Kwa mabweni, panga jiko mapema. Serikali ilishaelekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, hivyo jiko la kuni kwenye ramani mpya huenda likalazimika kubadilishwa.

4. Sajili mradi na gawa majukumu

Sajili mradi katika hatua ya michoro. Mkaguzi wa EDGE ni lazima, naye asiwe mtu aliyeshiriki kusanifu jengo lako. Mtaalamu wa EDGE wa kukushauri si lazima, lakini humfaa anayeanza. Omba bei za usajili, mkaguzi na cheti kwa maandishi, kisha ziingize kwenye BOQ kama kazi nyingine. Mteue pia mtu mmoja wa eneo la ujenzi awe mtunza ushahidi, na jina lake liwe kwenye barua ya uteuzi.

Mkaguzi akiridhika na michoro, hesabu na taarifa za vifaa, mradi hupata cheti cha awali. Hicho ni cha michoro tu. Cheti cha mwisho hutolewa baada ya ujenzi kukamilika na mkaguzi kufika kwenye jengo.

5. Tunza faili la ushahidi

Mali bila daftari huisha bila habari, na cheti vivyo hivyo. Kwa kila hatua uliyoiahidi, faili liwe na vitu vinne: mchoro au kipengele cha BOQ, karatasi ya kiwandani inayoonyesha sifa za kifaa, risiti ya EFD pamoja na hati ya kupokelea mzigo, na picha yenye tarehe.

Picha za vitu vitakavyofichwa zipigwe kabla havijafunikwa: kizuia joto kabla ya dari, mabomba ya maji ya mvua kabla ya lipu, tofali kabla ya rangi. Hakuna mkaguzi atakayevunja ukuta ili akuamini.

Miradi ya umma inayojengwa kwa fosi akaunti ina faida hapa, kwa kuwa tayari ina kamati ya manunuzi, ya mapokezi na ya ujenzi. Kamati ya mapokezi iongezewe jukumu moja: kulinganisha kila mzigo na sifa zilizoandikwa, na kuukataa usiolingana.

6. Kifaa kikikosekana dukani

Hili hutokea mara kwa mara. Fundi anaenda Korogwe mjini au Chanika ya Handeni, anakosa bati lililoandikwa, anarudi na la rangi nyingine. Utaratibu uwe huu: hakuna mbadala bila maandishi ya msanifu, na msanifu asisaini kabla ya kuingiza sifa za mbadala kwenye programu na kuona kwamba asilimia za sehemu zote tatu hazijashuka chini ya 20. Kwa sababu hiyo, sanifu jengo likiwa na akiba. Lenga asilimia 25 kwenye kila sehemu ili badiliko moja dogo lisikuangushe.

7. Orodha ya mwisho kabla ya kumwita mkaguzi

– Jengo lililosimama linafanana na michoro iliyoidhinishwa, na kila badiliko lina barua yake.
– Mabomba na vyoo vimepimwa mtiririko, na matokeo yameandikwa.
– Faili limepangwa kwa mpangilio wa hatua zilizo kwenye programu.
– Mtunza jengo amefundishwa kusafisha gata kabla ya vuli na masika, na kusoma mita kila mwezi.

Mwenye mradi: usisaini mkataba wa usanifu usiotaja asilimia za sehemu tatu za EDGE kama zao la kazi ya msanifu, wala mkataba wa ujenzi usiotaja faili la ushahidi kama sharti la malipo ya mwisho. Mikataba hiyo miwili ikikaa sawa, mkaguzi atakuja kuhakiki kazi iliyokwisha kufanyika.