Lenzi ya Nyota za Mlima Kenya

*Picha zangu za Mlima Kenya usiku hutoka nyeusi. Nimeshauriwa ninunue lenzi pana isiyojilenga yenyewe. Je, si hasara? Msomaji, Nyeri.*

Ndugu msomaji, hofu ya kutupa fedha naifahamu, walakini gizani, ambapo hata lenzi ijilengayo hupapasa isione kitu, ile ya kuzungushwa kwa mkono haikupunguzii chochote, na aghalabu bei yake ni nafuu.

Lililo muhimu ni tundu la nuru: f/1.4 hupokea nuru mara 4 ya f/2.8. Na kwa kuwa sisi tu jirani na Ikweta, ambako nyota za utosini hukimbia kwa kasi kuliko kwingineko, lenzi ya milimita 24 itakuruhusu kuiacha kamera ipokee nuru takriban sekunde 20 kabla hazijawa michirizi, na milimita 14 kama sekunde 35 (kamera yako ikiwa ya kihisio kidogo, punguza theluthi). Mimi ningeshika 24, maana kilele cha Batian, pamoja na mita zake 5,199, kwa milimita 14 kutoka Nyeri ni kichuguu tu. Hiyo 14 ingoje mpaka uupande mlima kwa njia ya Naro Moru.

Alama ya masafa yasiyo na mwisho usiiamini: simamisha kamera, ikuze nyota moja angavu kiooni, zungusha pete ya kulengea taratibu hata nyota iwe nukta, kisha ubandike utepe peteni isisogee. Kabla ya kulipa, piga taa za mbali kwa tundu wazi. Pembe moja ikififia kuliko nyingine, irudishe. Ikiwa pete yafika kikomo na nyota bado imevimba, mwone fundi wa kamera, wala usiifungue mwenyewe.