Gari ya esansi ikipiga "po!" na kuzima njiani: tuanze kutafuta wapi?



Kwingine gari inayopiga "po!" kwenye bomba la moshi inachekesha watoto. Kwetu, kati ya Butembo na Beni, haichekeshi mutu. Ikipiga karibu na barieri, askari wanashika silaha, na mama waliobeba mizigo wanatupa vikapu na kukimbia. Ikizima kabisa saa kumi na moja ya jioni, hakuna anayetaka kulala nayo njiani. Na nyuma ya gari kuna mazao ambayo hayangoji: kahawa mbivu inatakiwa kumenywa siku ileile iliyochumwa, na kakao iliyotolewa katika ganda inatakiwa kuingia mapema katika sanduku la kuchachusha.

Somo hili ni la gari za esansi zenye karbiratere, zaidi zile Land Cruiser za zamani zenye silinda 6, motere 2F au 3F. Gari ya mazuti haina buji wala karbiratere. Ikizima, mara nyingi ni filtiri iliyoziba au hewa iliyoingia katika njia ya mazuti. Hiyo tunaiacha leo.

Tunachokiona katika koperative nyingi ni hiki. Gari inapiga, komite inatoa pesa, makanisie ananunua buji mpya. Inaendelea kupiga: ananunua karbiratere ya okazioni. Inaendelea: pompi. Ni sawa na mkulima anayemwaga dawa juu ya kahawa inayonyauka bila kukwangua ganda la shina aone kama mbao ya ndani imekuwa nyeusi. Wazee wa Beni wanajua ile ugonjwa ya kunyauka ilivyomaliza robusta. Dawa ya kupuliza haikusaidia kitu. Motere nayo inasema inaumwa wapi, mutu akiwa na masikio.

Swali la kwanza kwa shofere: "po!" inatokea wapi? Mbele, chini ya kapo, ao nyuma, kwenye bomba la moshi?

Ikitokea mbele, motere inakohoa kupitia karbiratere. Mara nyingi maana yake ni kwamba hewa ni nyingi na esansi ni kidogo. Mchanganyiko wa namna hiyo unawaka polepole. Supapi ya kuingiza inapofunguka tena moto bado haujaisha, unarudi juu. Kuna sababu zingine: nyaya za buji zimebadilishana nafasi, ao moto unakuja mapema mno, ao supapi ya kuingiza haifungi vizuri. Ikitokea nyuma, esansi imetoka katika silinda bila kuwaka, ikaenda kuwakia ndani ya bomba lenye joto. Hapo tunashuku moto wa buji ambao ni zaifu ao unachelewa, ao esansi iliyozidi. Bomba lenye tundu linaongeza sauti, juu linaingiza hewa, zaidi shofere anapoinua mguu ghafula kwenye mteremko. Kwa hiyo, gari ikiwa bado na ugonjwa huo, shofere apunguze mwendo mbali kabla ya barieri na ainue mguu polepole.

Kisha toeni buji zote 6, muzipange juu ya gazeti kufuatana na silinda zake. Hii haiombi franga hata moja. Rangi ya kahawa iliyokaangwa kidogo ni nzuri. Nyeusi yenye masizi makavu: esansi ni nyingi, ao filtiri ya hewa imejaa vumbi. Nyeupe: esansi haifiki ya kutosha. Yenye kulowa na kunuka esansi: haikupata moto. Buji 1 ikiwa mubaya kati ya 6, ugonjwa uko katika ile silinda ao waya yake, si katika karbiratere. Zote 6 zikiwa namna moja, tafuteni kitu kinachohudumia silinda zote. Hapa ndipo pesa nyingi inaokolewa.

Upande wa moto wa umeme, fungueni deliko. Zile ncha mbili za platine zinazofunguka na kufunga zikiwa zimeungua na kuwa na vilima, zibadilishwe pamoja na kondansatere yake. Nafasi yao kwa 2F ni karibu milimita 0.45, na ya buji karibu 0.8. Kofia ya deliko iangaliwe kama ina ufa ao unyevu. Asubuhi za ukungu ku Butembo, kitambaa kikavu peke yake kimekwisha ponya gari. Nyaya zifuate mpango wa 1-5-3-6-2-4. Bobini iko na tabia yake: gari inatembea vizuri nusu saa, bobini inapata joto, motere inakufa kama mutu aliyezima taa. Mukingoja ipoe, inawaka tena. Kuzima kwa ghafula namna hiyo, bila kukohoa, mara nyingi ni umeme. Esansi inapokosekana, motere inakohoa kwanza, inavutavuta, halafu inakufa.

Na esansi yenyewe? Wengi wetu tunanunua kwa ma-kadafi, kando ya barabara. Hatusemi wote ni wadanganyifu, lakini bidoni inapita mikono mingi na mvua nyingi. Jazeni chupa ya kioo yenye kuonekana ndani, iache itulie robo saa mbali na moto na sigara. Maji yanakaa chini, na mstari unaonekana wazi. Kama mnashuku mafuta ya taa, dondosheni kidogo juu ya karatasi nyeupe: esansi safi inakauka bila kuacha doa la mafuta. Maji yakionekana, mwageni yale yaliyo chini ya tangi na katika bakuli ya karbiratere, na mubadilishe filtiri.

Kuna sababu ya kuzima tunayoikuta mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri: kizibo cha tangi. Kizibo cha asili kilipotea, shofere akafunga kwa plastiki na kamba. Esansi inapotoka, hewa haiingii kuchukua nafasi yake, na pompi inashindwa kuvuta. Gari inazima baada ya kilomita kadhaa, mnangoja, inawaka tena, inazima tena. Siku ikizima, fungueni kizibo mara moja na musikilize. Ikivuta hewa "fsss" na motere ikawaka, mumekwisha kupata jibu.

Sasa tukuje kwa ile inayochanganya hata makanisie wazuri. Butembo iko karibu metre 1,700 juu ya bahari, Beni karibu 1,100. Njia ni kilomita zaidi kidogo ya 50 tu, lakini hewa ya Beni ni nzito kwa karibu 6 ao 7 kwa 100 kuliko ya Butembo. Karbiratere ya zamani haijui kwamba imeteremka. Gari iliyopangwa Butembo, ikifika Beni, inapata hewa nyingi kwa esansi ileile. Mbaya zaidi, koperative nyingi zinaomba makanisie "afunge esansi kidogo" juu ya kupunguza matumizi. Butembo gari inavumilia. Beni inaanza kukohoa mbele, zaidi ikiwa na mzigo. Shofere anasema karbiratere imekufa, anairudisha Butembo, na kule makanisie haoni ugonjwa! Kinyume chake pia kipo: iliyopangwa Beni ikipanda Butembo inatoa moshi mweusi, buji zinakuwa nyeusi, na inapiga nyuma.

Maoni yetu: gari ipangwe kule inakofanyia kazi ya mzigo, na siyo mbele ya garaji ikiwa tupu. Ikifanya njia zote mbili, ipangwe Beni, juu esansi kuzidi kidogo kule juu kunakula pesa, lakini esansi kukosa kule chini kunachoma supapi. Na mujue kwamba kile kivisi kidogo cha chini kinapanga zaidi motere inapokuwa imesimama ikiwaka. Mzigo na mlima vinategemea jiklere, yaani kile kitundu kinachopima esansi. Asiruhusiwe mutu kukisafisha kwa waya wa chuma, kinapanuka na hakirudi. Kipulizwe hewa.

Kabla ya kugusa jiklere, tafuteni hewa ya wizi. Motere ikiwaka, dondosheni maji kidogo kuzunguka chini ya karbiratere. Sauti ikibadilika, kuna hewa inayoingilia pale. Bana pia mpira unaoenda kwenye freni: motere ikitulia, ule mpira ao kifaa chake cha freni kinavuja. Na kama inazima kila unapoinua mguu tu, washeni kontakti bila kuwasha motere. Karbiratere nyingi za aina hii ziko na kifaa cha umeme kinacholia "tik". Kisipolia, angalieni waya wake kwanza.

Kwa njia ya Beni kuelekea Kasindi, kilomita karibu 80, kunaongezeka joto la bonde la Semliki. Karbiratere ya motere hizi inakaa juu ya bomba la moto, na esansi inaweza kuchemka, inakuwa mvuke na pompi haiwezi kuuvuta. Inueni kapo, wekeni kitambaa chenye maji juu ya pompi na mrija wake, ngojeni. Maji ya baridi yasimwagwe juu ya motere yenyewe.

Jambo moja tunalikataza kabisa, hata shofere akisema amefanya miaka 20: kumwaga esansi kwa mkono ndani ya karbiratere huku mwingine anapiga kontakti. Motere inayokohoa mbele inatoa ulimi wa moto, na wewe uko na kopo mkononi. Filtiri ya hewa nayo isitolewe wakati wa kujaribu, juu ndiyo inayozuia ule moto.

Kama moto wa buji ni mzuri, esansi safi, hewa haivuji, na bado silinda moja inakohoa, makanisie apime supapi motere ikiwa na joto: kwa 2F, milimita 0.20 za kuingiza na 0.35 za kutoa. Hapo ndipo komite inaweza kuzungumza juu ya kazi kubwa na bei yake.

Katika gari kuwe na buji 2, platine na kondansatere, filtiri ya esansi, chupa ya kioo, kitambaa, na daftari. Shofere aandike: ilipiga mbele ao nyuma, ilikuwa kilomita ngapi baada ya kutoka, mlima ao mteremko, baridi ao joto, na esansi ilinunuliwa wapi. Makanisie asome daftari hiyo kabla hajafungua kapo, na buji za zamani zirudi kwa komite zikiwa zimeandikwa namba ya silinda.