Ua la Bukini na Dawa ya Saratani

Bukini ni jina la zamani la Kiswahili la kisiwa cha Madagaska. Huko ndiko asili ya ua dogo la rangi ya waridi lenye petali tano, ambalo leo hupandwa bustanini katika nchi nyingi za joto.

Huko Jamaika, watu walichemsha majani yake na kuyanywa kama dawa ya kisukari. Majani hayo yakapelekwa Kanada, kwa watafiti Robert Noble na Charles Beer. Walipoyajaribu kwa panya, sukari haikushuka. Zilizopungua ni chembe nyeupe za damu! Katika saratani ya damu, chembe hizo huzidi mno. Mwaka 1958 walitangaza kemikali waliyoipata humo, vinblastini. Nyingine ya mmea huohuo, vinkristini, bado hutibu watoto wenye saratani ya damu, pamoja na dawa nyingine. Huzuia seli zisigawanyike.

Je, tuchemshe majani hayo nyumbani? Hapana. Mmea huu una sumu. Hospitalini dawa yake hupimwa kwa miligramu na kuingizwa kwenye mshipa tu.

Wazazi, bibi akituma mizizi au majani, mwambieni daktari kabla mgonjwa hajatumia. Dawa mbili zaweza kugombana mwilini.

Maneno ya wiki: saratani (kansa), mshipa, sumu, kipimo.

Zoezi: Muulize mkubwa nyumbani jina la mmea mmoja wa dawa. Andika sentensi 3 juu yake.