SOMO LA WIKI: Maoni ya pembeni katika rasimu ya mkataba

MIKATABA mingi ya biashara haiandikwi kwa siku moja wala na mtu mmoja. Rasimu hutoka kwa mkopeshaji au muuzaji, ikapitia kwa mwanasheria, ikafika kwa mnunuzi, na kila anayeisoma huacha maoni yake pembeni mwa ukurasa. Wengi hufanya kazi hiyo kwa programu ya Microsoft Word. Tatizo ni kwamba watu wawili wanaweza kufungua faili lile lile na kila mmoja akaona karatasi tofauti, kwa sababu tu kompyuta zao zimepangwa tofauti.

Chukulia mfanyabiashara wa mchele anayeomba mkopo wa Sh. milioni 40 kwa mwaka mmoja. Rasimu ya kwanza ilitaja riba ya asilimia 16. Inaporudi, mkopeshaji amefuta 16 na kuandika 19, na programu imeyatia rangi mabadiliko hayo. Ikiwa kompyuta ya mkopaji imewekwa isionyeshe mabadiliko, ataona 19 imekaa mahali pake kana kwamba ndiyo iliyokuwapo tangu mwanzo. Kama riba inahesabiwa juu ya mkopo wote, tofauti hiyo ni Sh. 1,200,000 kwa mwaka. Si haba kwa mtu anayeuza mchele kwa gunia.

Pa kuanzia ni kichupo cha "Review". Hapo kuna kisanduku chenye namna nne za kuonyesha hati. "All Markup" huonyesha kila kitu: maneno yaliyofutwa, yaliyoongezwa na maoni yote. "Simple Markup", iliyoingia na toleo la mwaka 2013, huonyesha hati ikiwa safi na kuweka mstari mwekundu tu pembeni mwa sehemu iliyoguswa. "No Markup" huficha vyote, mabadiliko na maoni, ilhali "Original" huonyesha hati ilivyokuwa kabla ya mabadiliko kuingizwa. La kushika hapa ni kwamba kuficha si kufuta. Maoni yaliyofichwa yangali ndani ya faili na husafiri nalo.

Kwa hiyo anayepokea rasimu aweke kwanza "All Markup", ndipo asome. Ukurasa ukijaa rangi mpaka usisomeke, afungue "Show Markup" na kuondoa alama ya mabadiliko ya mapambo, yaani ukubwa wa herufi, nafasi na kadhalika, ambayo kwa kawaida hayana fedha ndani yake. Hapo hapo anaweza kuchagua kuona mabadiliko ya mtu mmoja tu, mathalani mwanasheria wa upande wa pili. Asiwe mwepesi, hata hivyo, kuamini jina linaloonekana juu ya maoni. Ni jina lililowekwa katika programu, na rasimu iliyochapwa katika duka la steshenari huweza kubeba jina la mwenye duka.

Kwa hati ndefu, "Reviewing Pane" ni msaada mkubwa zaidi. Hupanga mabadiliko yote katika orodha moja, na msomaji huyapitia moja baada ya jingine bila kupekua kurasa.

Yote hayo husaidia tu ikiwa upande wa pili ulibadili hati huku programu ikifuatilia. Aliyezima ufuatiliaji anaweza kugeuza tarakimu na pasionekane rangi yoyote, katika mpangilio wowote ule. Dawa yake ni kitufe cha "Compare" katika kichupo hicho hicho cha "Review": mfanyabiashara huweka nakala yake ya zamani na hii iliyorudi, na programu humwonyesha tofauti. Ndiyo sababu nakala ya kila rasimu iliyotumwa ihifadhiwe, hata kama inaonekana haina kazi tena.

Katika kuchapisha karatasi, orodha ya mipangilio ina mahali palipoandikwa "Print Markup". Pakiwa na alama, maoni hutoka pamoja na hati, na programu huweza kupunguza maandishi ili maoni yapate nafasi. Nakala ya kusaini isitoke hivyo.

Anayetuma naye ana hatari yake. Machi 2004, kampuni ya SCO Group ya Marekani ilipoishtaki DaimlerChrysler, waandishi wa habari walichungulia faili la Word la mashtaka hayo na kukuta kwamba hapo awali aliyekusudiwa kushtakiwa alikuwa Bank of America. Oktoba 2005 ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu kuuawa kwa Rafik Hariri ilitolewa ikiwa na mabadiliko ndani yake, na majina yaliyokuwa yamefutwa yakasomeka. Kwa muuzaji wa kawaida, aibu yenyewe ni ndogo lakini hasara ni ya papo kwa papo: maoni aliyomwandikia mwenzake kwamba bei inaweza kushuka zaidi yakimfikia mnunuzi, mazungumzo ya bei yamekwisha.

Kabla ya kutuma, mabadiliko yakubaliwe au yakataliwe kwa "Accept" na "Reject", na maoni yafutwe. Kisha, kuanzia toleo la 2007, kuna mkaguzi wa hati. Katika matoleo ya sasa hupatikana kwa kufungua "File", "Info", "Check for Issues", halafu "Inspect Document". Mkaguzi huyo huweza kuondoa maoni na majina ya waandishi kwa mara moja. Baadhi ya anavyoviondoa havirudishwi, kwa hiyo kazi hiyo ifanywe juu ya nakala, faili la asili likibaki kwa mwenyewe. Katika mipangilio ya faragha ya Word kwenye kompyuta kuna pia chaguo la kuonywa kila faili lenye maoni linapotaka kuhifadhiwa, kuchapishwa au kutumwa, na kuliwasha huchukua dakika moja.