Barua ya Kikazi: Kubadili Oda

Ukitakiwa kumwandikia fundi seremala barua ya kubadili oda ya madawati ya shule, kichwa kiwe: YAH: KUBADILI VIPIMO VYA MADAWATI. Taja oda ya awali na tarehe yake, kisha eleza:

(a) Badiliko: urefu kutoka sm 60 hadi sm 120.
(b) Sababu: kila dawati litakaliwa na wanafunzi wawili.
(c) Gharama: nani atalipia mbao zilizokwisha kukatwa? Ubao uliokatwa haurefushwi.
(d) Muda: tarehe mpya ya kukabidhi kazi.

Mwombe asimamishe kazi hadi mkubaliane bei, na ajibu kwa maandishi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Zoezi: Andika barua hiyo. Usiisahau hoja (c). Ndiyo huzua ugomvi.