SOMO LA 12: KUHAMISHA MAFAILI KUTOKA KOMPYUTA KUUKUU

Domesday mbili

Mnamo mwaka 1086 makarani wa Mfalme William wa Kwanza wa Uingereza waliandika habari za mashamba, mifugo na watu wa nchi ile. Waliandika kwa wino juu ya ngozi ya kondoo. Kazi yao huitwa Kitabu cha Domesday. Kitabu hicho kingalipo. Mtu ajuaye Kilatini anaweza kukisoma hata leo.

Mwaka 1986, yaani miaka 900 baadaye, shirika la utangazaji la BBC lilitengeneza Domesday mpya. Nchi iligawanywa katika vipande vya kilomita 4 kwa kilomita 3. Wanafunzi wa shule nyingi, wengine wa umri kama wako, waliandika habari za mahali walipoishi na kupiga picha. Watu zaidi ya milioni moja walishiriki. Kazi yao iliwekwa katika diski mbili za leza, ambazo zilihitaji kompyuta na mashine maalumu ya kuzisomea.

Kufikia mwaka 2002 mashine hizo zilikuwa zimebaki chache sana. Ngozi ya miaka 900 ilisomeka bado, lakini diski za miaka 16 zilikaribia kuwa bubu. Je, unafikiri ni kwa nini?

Faili ni nini?

Faili ni habari zilizowekwa pamoja katika kompyuta na kupewa jina. Barua, picha au hesabu yaweza kuwa faili. Ndani ya kompyuta, kila faili huandikwa kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Kila tarakimu moja huitwa biti. Biti 8 hufanya baiti 1, nayo yatosha kuhifadhi herufi moja ya Kiswahili.

Programu inayoisimamia kompyuta nzima huitwa mfumo endeshi. Kazi yake mojawapo ni kuyaweka mafaili mahali pake na kuyatafuta yanapohitajika.

Ili faili litoke katika kompyuta kuukuu na kutumika katika kompyuta mpya, mambo matatu yanahitajika:

1. Njia. Lazima pawe na kitu cha kulibeba faili. Zamani watu walitumia disketi. Ndani ya disketi mna kipande chembamba cha plastiki chenye unga wa sumaku. Disketi ya kawaida ya inchi 3.5 hubeba baiti 1,474,560. Kompyuta nyingi za leo hazina mahali pa kuiingiza, na kompyuta za kale hazina tundu la flashi.

2. Mpangilio. Kila mfumo endeshi una namna yake ya kupanga mafaili. Fikiri juu ya maktaba ambayo vitabu vyake vimepangwa kwa utaratibu usioujua. Vitabu unaviona, lakini unachokitaka hukipati.

3. Programu. Faili likifika salama, lazima pawe na programu inayoelewa jinsi lilivyoandikwa.

Likikosekana hata jambo moja kati ya haya, faili halisomeki.

Kuhamisha kwa disketi

Disketi za inchi 3.5 zilizo nzima zaweza kusomwa kwa kisomeo kinachounganishwa na kompyuta mpya kwa waya. Kabla ya kuisoma disketi, sukuma kile kipande kidogo cha pembeni mpaka tundu lake lionekane wazi. Sasa disketi itasomwa, lakini haitaandikwa wala kufutwa kwa bahati mbaya. Umekwisha kujifunza habari za sumaku. Kwa sababu hiyo utaelewa kwa nini disketi haiwekwi karibu na sumaku yenye nguvu.

Kuhamisha kwa waya

Ikiwa disketi haifai, kompyuta mbili zaweza kuunganishwa kwa waya. Waya wa kupelekea wa kompyuta moja huungwa na waya wa kupokelea wa nyingine. Biti hupita moja baada ya nyingine. Kompyuta zote mbili lazima zipangwe kwa mwendo mmoja, kwa mfano biti 9,600 kwa sekunde. Mara nyingi kila herufi hupelekwa kwa biti 10, kwa kuwa huongezwa biti moja ya kuanzia na moja ya kumalizia. Kwa hiyo herufi 960 hupita kila sekunde.

Njiani biti yaweza kuharibika. Mwaka 1981, katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ilitungwa njia iitwayo Kermit ya kuzuia hasara hiyo. Faili hukatwa vipande vidogo. Kila kipande hufuatwa na namba ya kukihakiki. Kipande kikifika na kasoro, mpokeaji huomba kirudiwe.

Jaribio: Ujumbe wa kugonga

Vifaa: meza, penseli mbili, karatasi.

1. Asha na Juma wakae wakipeana mgongo.
2. Asha achague namba tatu, kwa mfano 3, 1 na 4. Azigonge mezani, akipumzika kidogo baada ya kila namba.
3. Mwishoni agonge jumla yake, yaani 8.
4. Juma aandike alichosikia, kisha ajumlishe namba tatu za kwanza.
5. Jumla zikilingana, Juma aseme, “Nimepokea.” Zisipolingana, aseme, “Rudia.”

Rudieni jaribio huku wenzenu wakipiga kelele. Mmeona nini?

Domesday mpya iliokolewaje?

Wataalamu wa vyuo vikuu vya Leeds, Uingereza, na Michigan, Marekani, walitumia mashine ya zamani iliyokuwa ingali inafanya kazi. Walinakili data kutoka katika diski na kuziingiza katika kompyuta mpya. Kisha wakatengeneza programu iliyoifanya kompyuta mpya kuiga ile ya zamani. Mwaka 2002 walionyesha kwamba Domesday mpya inasomeka tena. Wangalichelewa mpaka mashine ya mwisho ife, kazi hiyo ingalikuwa ngumu zaidi.

Kumbuka

Faili halidumu kwa kufungiwa kabatini. Hudumu kwa kunakiliwa mapema, wakati kompyuta ya zamani ingali hai. Nakala iwe zaidi ya moja, na kila moja ifunguliwe ili kuhakikisha kwamba yasomeka. Usifute faili la kwanza kabla ya kufanya hivyo.

Maswali

1. Taja mambo matatu yanayohitajika ili faili lihamishwe na kutumika.
2. Faili lina herufi 96,000. Litachukua sekunde ngapi kupita katika waya upitishao herufi 960 kwa sekunde?
3. Asha aligonga 3, 1, 4 na jumla 8. Juma aliandika 1, 3, 4 na jumla 8. Je, jumla itamwonyesha Juma kosa lake? Eleza.
4. Waulize wazee wako kama wana barua, picha au kanda za zamani. Zinahitaji kifaa gani ili zisomwe, zionekane au zisikike? Je, kifaa hicho kingalipo?